Paka wawili hawaelewani nyumbani. Je, naweza kulipeleka kwenye ushirika kama neno?

MamaNeema_Tudor

Bwana asifiwe wapendwa. Alhamisi ni zamu yangu kutoa neno kwenye ushirika wa nyumbani, huku Tudor, Mombasa, na kila nikifungua Biblia kutafuta la kusema, akili inarudi kwa paka walioko chini ya meza. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunijibu, maana jambo hili lina watu ndani yake, si paka peke yao.

Nina paka jike, jina lake Chausiku, rangi ya majivu yenye mistari. Nilimwokota akiwa mdogo karibu na soko la samaki la Mji wa Kale, na tangu hapo nyumba hii ni yake: dirisha la sebuleni, kiti cha baba Neema, kizingiti cha jikoni. Mvua za masika zilipoanza, wifi yangu akahamia kwetu kutoka Changamwe. Alifiwa na mumewe mwaka jana, kodi ikamlemea. Amekuja na sanduku la nguo, cherehani yake, na paka dume wa rangi ya chungwa anayeitwa Bahati. Huyo Bahati alikuwa wa marehemu. Akitoka kazini usiku, kabla hata hajavua viatu, alikuwa akimlisha kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo naomba mtu asiniambie "toa mmoja". Majirani wameshaniambia sana. Siwezi kumwambia mjane aachane na kiumbe kilicholala miguuni pa mumewe mpaka siku ya mwisho.

Mtu akisikia paka wanagombana hudhani ni yale makelele ya usiku na manyoya kutapakaa sakafuni. Hayo yapo. Lakini linaloniumiza zaidi halina sauti. Chausiku hukaa kwenye mlango wa jikoni, mikono ameikunja chini ya kifua, ungesema anasinzia. Bahati akitaka kupita kwenda uani, kwenye karai la mchanga, Chausiku hamfokei wala hamparuri. Anamtazama tu. Macho hayapepesi. Mwenzake anasimama, mguu mmoja uko juu, anajilamba bega lisilo na uchafu wowote, kisha anageuka na kurudi chini ya kitanda cha wifi. Mwishowe anajisaidia nyuma ya kabati. Na mgeni akiingia wakati huo atasema nyumba hii ina amani, tazama paka walivyotulia.

Amani ya namna hiyo naijua. Nimeiona kanisani, akina mama wawili wanaitikiana "Bwana asifiwe", "Amina", na mmoja anaweka mkoba wake kwenye nafasi iliyobaki ya benchi. Na hapa kwangu, wifi husubiri nitoke jikoni ndipo aingie kuchemsha chai yake. Hatujatupiana neno baya hata moja. Tunapishana.

Juzi ndiyo ilinifikisha hapa. Walikuwa wameanza kuzoeana kidogo, nikawa nawawekea vichwa vya vibua kwenye sahani moja nikimshukuru Mungu. Wifi akampeleka Bahati kupata chanjo ya kichaa cha mbwa. Aliporudi, kabla paka hajatoka vizuri kwenye kikapu, Chausiku alimrukia kama hajapata kumwona maishani. Akamuuma begani. Ukitazama huoni kitu, ni kijitundu tu, na nywele zimeshakifunika. Lakini leo pamevimba, pana joto, hataki kuguswa.

Paulo aliwaandikia Wagalatia: "Lakini mkiumana na kulana, angalieni, msije mkaangamizana." Mstari huo nimeusoma tangu Shule ya Jumapili, na sasa ninao mbele yangu, una meno na una jeraha.

Ninachouliza ni hiki. Je, ni sawa kupeleka mambo ya paka mbele ya watu waliokuja kusikia neno la Mungu? Kuna mama mmoja kwenye ushirika anaamini paka ni majini, atainuka atoke. Na kama ni sawa, ninyi mnaona Mungu ananifundisha nini hapa? Naogopa kusema "pendaneni" halafu tukanywa chai tukaenda zetu. Na kama kuna anayejua habari za paka, tafadhali asinipite, maana Bahati anateseka.

Mhudumu_Mifugo_Kisauni

Shikamoo mama, na poleni kwa mgonjwa. Nafanya kazi kwenye kliniki ya wanyama huku Kisauni, kwa hiyo nianze na la haraka. Huo uvimbe ni jipu. Jino la paka ni jembamba na refu, linaingiza vijidudu vya mdomoni ndani kabisa, halafu ngozi inajifunga juu upesi na usaha unabaki chini. Ndiyo maana siku ya kwanza mlidhani hakuna kitu. Msilifinye nyumbani. Apelekwe kesho, lipasuliwe, lisafishwe, apewe antibiotiki.

Jingine la haraka: wakishikana tena, msitie mkono kuwaamua. Pigeni sufuria kwa mwiko, au ingizeni kipande cha ubao katikati yao. Mtu akiumwa au kuparurwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama paka amechanjwa.

Sasa la juzi. Chausiku hakumchukia mwenzake ghafla. Hakumtambua. Paka humjua mwenzake kwa pua kabla ya macho. Wakipatana, hupakana mashavu na mbavu mpaka wote wananuka harufu moja, ya nyumba yao. Bahati alirudi ananuka spiriti, mbwa wa watu na hofu. Kwa Chausiku, aliyetoka kwenye kikapu alikuwa mgeni. Tunaliona sana hili, hata kwa paka waliozaliwa tumbo moja na kulala pamoja miaka yote.

Na hiyo sahani moja, mama, iacheni. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika, ambaye huwinda peke yake vitu vidogo, panya, mijusi, ndege. Panya mmoja hawashibishi wawili. Simba humwangusha nyati kwa kundi wakala kwa kundi, lakini paka hakuumbwa hivyo. Sisi tukiwawekea sahani moja tunaona ni upendo, wao kila tonge wanakula wakiwa na wasiwasi.

Anzeni upya, kama vile hawajawahi kuonana. Bahati apewe chumba cha wifi yako, mlango ufungwe, awe na maji yake, sahani yake na karai lake. Karai za mchanga ziwe idadi ya paka na moja zaidi, yaani kwenu tatu, na zisikae mahali pamoja. Chausiku hawezi kulinda milango mitatu kwa wakati mmoja. Kisha chukueni leso kuukuu, mpanguseni Bahati mashavuni na shingoni, mkaitandike anapolala Chausiku. Nyingine mpanguseni Chausiku, mpelekeeni Bahati. Akiifokea, iacheni pale pale, msimlazimishe. Siku mtakapomkuta ameilalia, ndipo msogee hatua nyingine: chakula kiwekwe huku na huku kwa mlango uliofungwa, kwanza mbali, kila siku karibu kidogo. Halafu mlango uachwe wazi upana wa kiganja. Halafu waonane dakika chache, tena wakati wa kula. Kwa wengine ni wiki, kwa wengine ni miezi. Mkiharakisha siku moja mnarudi mwanzo kabisa.

Kama Bahati hajahasiwa, akipona ahasiwe. Madume ambao hawajahasiwa ndio wanaotuletea majipu mengi kliniki.

MzeeWaKengeleni

Dada yangu, amani iwe kwako. Mimi ni mzee wa kanisa, nimezaliwa Frere Town na bado niko huku Kisauni.

Swali lako la kwanza halinipi shida. Suleimani alimtuma mvivu kwa chungu. Isaya alisema ng'ombe amjua bwana wake, na Israeli hajui. Ayubu aliwaambia rafiki zake wawaulize wanyama, watawafundisha. Na Bwana wetu mwenyewe, akiutazama mji wa Yerusalemu, alijifananisha na kuku akusanyaye vifaranga chini ya mbawa zake. Huyo mama wa majini mwambie kwa upole kwamba Mungu aliumba kila mnyama kwa namna yake, akaona ni vyema.

Lakini nina neno zito kidogo, na nalisema kwa sababu naona unalichukulia jambo hili kwa moyo wote. Chausiku hana dhambi. Analinda mahali pake kwa namna alivyoumbwa, hana la kutubu. Wewe na wifi yako si hivyo. Kijana wa kliniki amesema vizuri kwa habari ya paka: fungeni mlango, toeni chakula huku na huku, subirini. Ukiichukua hiyo ukaifanya neno kwa Wakristo, watu watakwenda nyumbani na ruhusa ya kununiana mwaka mzima, wakisema "tunapeana nafasi". Bwana alisema ndugu yako akikukosa, enenda ukaseme naye, wewe na yeye peke yenu. Na kwa Waefeso imeandikwa kwamba Kristo "akakibomoa kiambaza cha kati kilichotutenga". Alibomoa, dada. Wewe unataka kutufundisha kufunga mlango?

Nasema hivi nikiwakumbuka wazee wangu. Frere Town ilipoanzishwa na CMS, wale wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, mwaka 1875, waliokusanywa pale walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine wengi, watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Walikuwepo pia waliolelewa Nasik huko India, wenye elimu na Kiingereza chao. Hawakuwa na lugha moja wala desturi moja. Kila mmoja angefungiwa na watu wake, leo kusingekuwa na anayejiita mtu wa Frere Town. Kengele ilipolia kwamba washika watumwa wanakuja, ile ile iliyotupa jina la Kengeleni, walikimbilia mahali pamoja, Myao kwa Mmakua. Hakuna aliyesubiri kuzoea harufu ya mwenzake.

Mwanajumuiya_Likoni

Tumsifu Yesu Kristo, Mama Neema. Mimi ni Mkatoliki, natumaini nami naruhusiwa.

Kwanza, paka yumo katika Biblia yetu, mara moja tu. Ni Baruku sura ya 6, barua ya Yeremia kwa watu wanaopelekwa Babeli, kuwaonya wasiogope sanamu za huko. Anasema popo na mbayuwayu wanatua juu ya vichwa vya hizo sanamu, na paka vile vile. Mungu asiyeweza kumwondoa paka kichwani pake hastahili kuogopwa. Msomee huyo mama anayetaka kutoka. Hapo paka hakuitwa jini. Yeye na ndege wametumika kuonyesha kwamba sanamu haina uhai.

Lakini nilitaka kusema jambo jingine. Tunakaa Likoni, si mbali na feri. Nina paka mama na mwanawe, dume kubwa sasa. Usiku mmoja paka shume wa mtaa alipanda kwenye ukuta wetu, akakaa pale akitoa ile sauti yao ya kutambia. Mama paka alimwona kupitia wavu wa dirisha. Alinguruma, mkia ukavimba, akawa anakwenda huku na huku dirishani, na wavu unamzuia. Mwanawe akasikia, akaja nyuma polepole kumnusa mamake. Yule mama akageuka akampiga yeye! Mtoto aliyemnyonyesha na kumlamba. Ilikuwa vita mpaka chini ya sofa, na shume kule nje hata nywele moja haikuguswa. Na baada ya hapo walikaa muda mrefu hawasogeleani, mtoto hajui amekosa nini.

Mume wangu alikuwepo, akaona yote. Yeye anafanya kazi kisiwani. Akitoka huko amefokewa na mkubwa wake, amesimama kwenye msongamano wa feri na jua linawaka, anafika nyumbani, mtoto anamkimbilia, "Baba!", na linalotoka kinywani mwake ni ukali. Usiku ule hakusema kitu. Lakini siku hizi akifika anakaa barazani kwanza, anaomba maji, anatulia, ndipo anaingia.

Kwa hiyo Mama Neema, mtazame wifi yako kwa jicho hilo. Kilichomuuma kiko nje ya dirisha, hakipigiki. Kifo hakipigiki. Kodi haipigiki. Aliyeko karibu ni wewe, na sufuria zako, na paka wako. Na wewe je? Nyumba yako ilikuwa na mpango wake, imeingiliwa, na huwezi kumlaumu mjane. Hasira isiyo na pa kwenda inajificha katika mambo ya chai.

Mzee wa Kengeleni amesema kweli kwamba lazima watu waseme. Ila mtu akisema wakati mkia umevimba, hasikiki.

MamaNeema_Tudor

Asanteni sana, nimesoma kila neno, na mengine nimemsomea baba Neema kwa sauti.

Dada wa Likoni, hapo kwenye kodi na kifo nilisimama nikaenda kunawa uso. Nitaeleza zaidi chini.

Mzee wangu, shikamoo. Nimelala na maneno yako. Lakini nakuomba nikujibu, kwa heshima. Mlango si kiambaza. Kiambaza kimejengwa kisifunguke, mlango umewekwa ili ufunguliwe. Na Maandiko yana watu waliopeana nafasi kwa amani. Wachungaji wa Abramu na wa Lutu walipogombana, Abramu alisema, "Basi usiwepo ugomvi, nakusihi, kati ya mimi na wewe, wala kati ya wachungaji wangu na wachungaji wako, maana sisi tu ndugu." Kisha akamwambia achague, ukienda kushoto nitakwenda kulia. Aliyekuwa mkubwa ndiye aliyemwachia mdogo achague kwanza. Hapo nimemwona Chausiku na kizingiti chake, na nimejiona na jiko langu. Je, hilo nalo tulikatae?

MzeeWaKengeleni

Marahaba, mwanangu. Sikatai. Ila usiishie sura ya 13. Endelea na ya 14. Lutu alikwenda kukaa Sodoma, vita vikaja, akachukuliwa mateka na mali yake yote. Abramu aliposikia hakusema "tulikwisha kugawana". Alitoa watu wake 318, waliozaliwa nyumbani mwake, akawafuata adui mpaka Dani, usiku, akamrudisha ndugu yake. Nafasi walipeana, udugu hawakuuvunja. Ukisema sura zote mbili pamoja, mimi sina neno, nitakuwa wa kwanza kuitikia Amina. Ukisema moja bila ya pili, nitainuka nitoke pamoja na yule mama.

Na swali lile bado liko mezani: mlango utafunguliwa na nani? Paka wana wewe. Watu wakifungiana milango, nani anatembea katikati?

MamaNeema_Tudor

Mzee, swali hilo ndilo limenipa neno. Nawaeleza yaliyotokea, kisha mnisahihishe kabla ya Alhamisi.

Bahati amepasuliwa jipu, usaha umetoka mwingi, anakula. Amefungiwa chumbani kwa wifi kama tulivyoelekezwa. Sasa kazi ya kulisha huku na huku haifanywi na mtu mmoja. Ni lazima sahani ziwekwe kwa pamoja, la sivyo mmoja anaanza kulia na mwingine anakasirika. Wifi yuko ndani na Bahati, mimi niko ukumbini na Chausiku. Nauliza, "Wifi, umeweka?" Anajibu, "Nimeweka." Tunanyamaza wote wanne. Tunasikia wanatafuna. Halafu akaniambia kupitia mlangoni, bila mimi kuuliza, kwamba marehemu alikuwa akimwondolea Bahati miiba yote ya samaki kwa vidole, na yeye alikuwa akimkemea kwamba chakula chake mwenyewe kinapoa. Tukaongea mpaka sahani zikawa tupu zamani. Nilimwambia habari ya chai. Nikamwambia jiko ni lake kama lilivyo langu, asubuhi achague yeye kwanza. Akalia, nami nikalia. Mzee, tulisema, kama ulivyotaka. Ila kama angekuwa amesimama mbele yangu jikoni, sidhani kama angefungua kinywa.

Sasa neno lenyewe. Leso ile. Nimeipangusa shavuni kwa Bahati nikampelekea Chausiku, akaifokea, akaondoka. Jana nimemkuta amekaa pembeni yake. Hajailalia, amekaa tu pembeni. Nikawa najiuliza ni nani katika Biblia aliyefanya kazi ya leso hiyo, na nikamkumbuka Barnaba.

Sauli, ndiye Paulo, alipofika Yerusalemu baada ya kuokoka, wanafunzi walimwogopa wote. Walikuwa na haki ya kuogopa. Kwao mtu yule alinuka damu ya Stefano, aliyepigwa mawe mbele yake. Hawakuamini kwamba amekuwa mwanafunzi. Ni Barnaba aliyemchukua, akampeleka kwa mitume, akawaeleza jinsi alivyomwona Bwana njiani. Barnaba walimjua, aliuza shamba lake akaweka fedha miguuni pao. Naye Sauli alimwamini akafuatana naye. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na mtu wa kumwegemea. Kule Dameski alitangulia Anania, aliyeogopa naye, lakini akaingia na kumwekea mikono akisema "Ndugu Sauli".

Na nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliunganisha. Paulo na Barnaba wenyewe baadaye walishindana vikali kwa ajili ya Marko, aliyewaacha njiani. Paulo hakumtaka. Wakatengana, Barnaba akamchukua Marko wakapanda chombo kwenda Kipro. Nafasi, kama ya Abramu na Lutu. Miaka ikapita. Na yule Paulo, akiwa kifungoni, anamwandikia Timotheo: "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi." Barnaba alimtunza mtu ambaye rafiki yake hakumtaka, mpaka siku ambayo rafiki mwenyewe alimhitaji.

Kwa hiyo nitasoma Mwanzo 13 na 14 kama Mzee alivyoagiza, kisha Matendo 9 na 15, na nitamalizia kwa Wafilipi 4: "Namsihi Euodia, namsihi na Sintike, wawe na nia moja katika Bwana." Mstari unaofuata Paulo anamwomba mtu wa tatu awasaidie wanawake hao. Nitawauliza watu wa ushirika swali la Mzee kama lilivyo: kati ya watu wasioongea hapa kwetu, nani anatembea katikati? Nina majina mawili kichwani, sitayataja, wenyewe watajijua. Wifi amekubali kusoma Wafilipi. Baruku nitaisoma pia, hata kama haimo katika Biblia yetu, na nitasema nimepewa na dada wa Likoni.

Mhudumu, mwanangu, nina maswali ya kwako. Kidonda kimeachwa wazi kidogo ili kitoe maji. Tuoshe kwa nini? Wifi alitaka kutumia ile dawa ya chupa inayogeuka nyeupe ukiitia kwenye maji, na jirani amesema tumpe nusu kidonge cha parasetamoli kwa maumivu. Na kliniki anarudi Jumatatu kutazamwa. Akirudi na ile harufu tena, tufanyeje?

Mhudumu_Mifugo_Kisauni

Mama, parasetamoli HAPANA, hata robo. Ini la paka haliwezi kuivunja, inaharibu damu yake na inaua. Mwambie na huyo jirani. Dawa ya maumivu apewe ile tu iliyoandikwa na daktari wa mifugo. Na ile dawa ya chupa pia isimguse, paka atajilamba na ni sumu kwake. Chemsheni maji, yapoe yawe vuguvugu, mtie chumvi kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, mfute kwa kitambaa safi asubuhi na jioni, mkifuata uelekeo wa nywele. Kikianza kunuka au akikataa kula, msingoje Jumatatu.

Siku ya kliniki, wekeni leso anayolalia ndani ya kikapu, aende nayo na arudi nayo. Akirudi asipite ukumbini, aingie chumbani moja kwa moja, mlango ufungwe. Mpanguseni kwa leso yake mwenyewe, mmwache ajilambe mpaka kesho yake. Chakula cha mlangoni siku hiyo sogezeni sahani nyuma kidogo, kisha endeleeni mlipofikia.

Alhamisi niko zamu mpaka saa kumi na moja. Ushirika ukianza saa kumi na mbili nitawahi, nielekezwe nyumba.